Wasichana ni wengi darasa la saba. Kidato cha nne wamekwenda wapi?

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni Afisa Elimu Kata huku vijijini Chamwino. Kata yangu ina shule nne za msingi na sekondari moja. Amejitokeza mdau anayetaka kusaidia elimu ya mtoto wa kike, ila anadai andiko lenye takwimu na ushahidi. Nikiangalia takwimu za msingi, wasichana ni wengi kuliko wavulana. Kidato cha kwanza wanalingana. Kidato cha nne wasichana wamepungua sana. Kamati inasema tujenge bweni. Walimu wa kike wanasema tugawe taulo za kike. Diwani anasema wazazi wa huku hawana mwamko, hakuna takwimu itakayosaidia. Nianzie wapi, na nitajuaje kwamba tulichofanya kimeleta mabadiliko?"

Mwalimu, nianze na diwani wako, maana hoja yake ndiyo itakayokusumbua kila kikao. Bahati nzuri wilaya yenu ni miongoni mwa sehemu chache nchini ambako hoja hiyo ilishapimwa. Mwaka 2010 TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, ilianza majaribio ya kuwapa fedha watu wa kaya maskini katika wilaya tatu: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji vilikuwa 80. Nusu yake, vilivyopatikana kwa bahati nasibu, vilianza kupokea. Nusu nyingine vikasubiri. Fedha zilikuja na masharti, watoto waende shule na wadogo wapelekwe kliniki. Watafiti walipolinganisha makundi hayo mawili baadaye, walikuta watoto wa kaya zilizolipwa wanamaliza darasa la saba kwa wingi zaidi, na waliobeba tofauti hiyo hasa ni wasichana. Mila zilikuwa zilezile pande zote mbili, mabibi na mashangazi walewale. Kilichotofautiana ni kwamba upande mmoja nyumba ilikuwa na senti kidogo wakati ghala limekauka.

Sisemi mila hazina nguvu, ningekuwa nakudanganya. Ila neno "mwamko" lina tabia ya kufunga mjadala kabla hamjafungua rejista.

Tuje kwenye rejista, basi. Unasema wasichana ni wengi shule za msingi, na hilo linakufanya udhani huko hakuna tatizo. Jiulize kwanza wavulana wako wapi. Kwa wafugaji wa huku, mtoto wa kiume wa miaka kumi na moja akikabidhiwa ng'ombe ndiyo basi, darasani utamwona siku ya chanjo. Kwa hiyo huo wingi wa wasichana unaweza kuwa ni upungufu wa wavulana tu, na wasichana wenyewe nao wanavuja kimyakimya. Halafu kuna wale ambao hawajawahi kuandikishwa kabisa. Hao hawamo kwenye rejista yoyote, wala kwenye fomu za takwimu mnazojaza kila mwaka, wala kwenye mfumo. Unakumbuka tunavyofundisha sehemu: juu kiasi, chini asili. Unapogawa kwa idadi ya walioandikishwa, asili yako imeshawaacha nje wale unaowatafuta.

Asili ya kweli utaipata zahanati. Muombe mganga mfawidhi hesabu ya watoto wa kike waliochanjwa surua katika vijiji vyako miaka sita au saba iliyopita, kwa kila kijiji. Chanjo hufika hata kule ambako shule haijafika. Linganisha na walioanza darasa la kwanza. Mkikuta pengo kubwa kwenye kitongoji kimoja, nenda na mhudumu wa afya wa jamii nyumba kwa nyumba. Yeye anazijua kaya kuliko mimi na wewe. Angalia tu kwamba watu wa huku huhama na mifugo yao, wapo walioelekea Kiteto au Morogoro miaka kadhaa nyuma. Si kila asiyeonekana ameacha shule.

Hata hivyo, moyo wa swali lako uko baadaye, kati ya darasa la saba na kidato cha nne, na hapa kuna kosa ambalo hata sisi wa takwimu hulifanya. Umewaweka wasichana wa kidato cha kwanza wa mwaka huu pembeni ya wasichana wa kidato cha nne wa mwaka huu. Hao ni watoto tofauti, walioingia miaka tofauti. Huenda walioko kidato cha nne waliingia wachache tangu mwanzo. Ili uone wanavyopotea, fuata kundi moja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa majina.

Nunua kaunta buku na rula. Andika majina ya wasichana wote waliofanya mtihani wa darasa la saba Oktoba 2020 katika shule zako nne. Hao walipaswa kuingia kidato cha kwanza 2021 na kufanya mtihani wa kidato cha nne Novemba 2024. Mbele ya kila jina chora safu: kitongoji anachotoka, namba yake ya PReM (namba ya usajili wa mwanafunzi), alama za moko (mtihani wa majaribio), matokeo ya mwisho, kama aliripoti sekondari, tarehe ya mwisho kuonekana darasani, na safu ya mwisho kabisa iitwe "yuko wapi leo". Namba ya PReM ni muhimu kwa sababu humfuata mtoto akihamia shule nyingine, usije ukamwita mtoro mtoto anayesoma Kongwa kwa shangazi yake. Safu ya mwisho haitajazwa ofisini. Itajazwa na mabalozi, na wanafunzi waliosoma naye, na mama muuza maandazi pale getini.

Nikupe namba za kubuni, za kuonyesha njia tu. Tuseme waliofanya mtihani ni wasichana 60. Waliochaguliwa 38. Walioripoti 31. Waliofika kidato cha nne 14. Kamati yako inatazama ile safari ya 31 hadi 14 na kusema bweni, na kweli pale zaidi ya nusu wamepotea. Lakini ukihesabu vichwa, waliopotea pale ni 17, na waliopotea kwenye mtihani wa darasa la saba ni 22. Hao 22 bweni la sekondari haliwagusi hata kidogo. Ndiyo maana nataka ujue ni mlango upi unaovuja kabla ya kununua tofali.

Hapo kwenye mtihani usikimbilie kuandika "hawakufaulu". Wewe ni mwalimu, umeshasikia habari ya wazazi wanaomwambia binti ajifelishe, kwa sababu akifaulu italetwa hesabu ya sare na godoro, na asipofaulu kuna mchumba anasubiri au kuna ndugu Dar anatafuta dada wa kazi. Wengi wanaisimulia kama hadithi, inaweza kupimwa. Weka alama za moko na matokeo ya mwisho bega kwa bega. Kwenye kata moja niliyofanya kazi, tulipofanya hivyo, wavulana wengi walipata mwisho karibu kilekile walichopata kwenye moko. Wasichana watatu waliokuwa kumi bora walianguka hadi chini kabisa. Mwalimu wa malezi alimwita mmoja wao, wakakaa chini ya mkwaju, wakapiga stori za mengine kwanza. Mwishowe binti akasema bibi yake alimwelekeza ajaze herufi moja kwa kila swali, asihangaike kusoma. Watatu ni wachache, wala siwezi kusema kila anguko ni la makusudi. Mtoto anaweza kuugua, anaweza kuogopa. Lakini ukiziona alama hizo mapema, unajua nyumba zipi za kutembelea mwaka unaofuata kabla ya mtihani, siyo baada ya matokeo.

Kundi la pili, wanaopotea sekondari, linahitaji rejista ya mahudhurio yenyewe, siyo ujumuisho wake. Asilimia ya mwezi inaficha mambo. Ukiambiwa mahudhurio ni asilimia 80, hujui kama kila mtoto anakosa siku moja kwa wiki au kama mtoto mmoja kati ya watano hayupo kabisa. Keti na rejista uhesabu kwa siku ya wiki. Nimeshaona shule ambapo siku ya mnada safu ya wasichana ilikuwa na matundu kama chekeche. Mama yuko mnadani anauza, binti amebaki na wadogo na ndoo za maji. Hesabu pia kwa mwezi. Muhula wetu unaanza Januari, mvua na kilimo navyo vimeanza, na mtama ukianza kukomaa kuna kulinda ndege. Mtoro wa mnada, mtoro wa ndege wa shambani na mtoro wa umbali wanaandikwa kwa alama ileile, na dawa zao ni tofauti.

Sasa bweni. Ushahidi kuhusu umbali ni mzito, nauheshimu. Katika mkoa wa Ghor, Afghanistan, watafiti waliweka shule ndogo ndani ya baadhi ya vijiji kwa bahati nasibu, na uandikishaji ukaongezeka kwa pointi 42 za asilimia, wasichana wakipanda zaidi ya wavulana hadi pengo la uandikishaji likafutika. Jimbo la Bihar nchini India lilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana wa sekondari fedha za baiskeli, na wasichana walioandikishwa sekondari wakaongezeka kwa takriban theluthi moja. Kwa hiyo anayesema umbali unafukuza wasichana hakosei. Ila usiihamishe baiskeli ya Bihar moja kwa moja hadi Chamwino. Mchanga wetu wa makorongo na miiba ya migunga itamaliza matairi kabla ya Pasaka.

Kinachonifanya nisite kuhusu bweni ni gharama ya kuliendesha. Kulijenga ni mwanzo. Kuna matroni, mlinzi, uzio, maji, kuni, unga wa kila siku, na mdau wako atakuwa ameshaondoka. Bweni lisilo na matroni wala maji ni hatari kuliko njia ndefu. Kwa upande mwingine, usipojenga, ujue mbadala uliopo tayari ni geto. Unayafahamu. Mabinti wa miaka 14 wamepanga chumba karibu na shule, mzazi analeta sado mbili za unga Jumapili, kufikia Alhamisi zimekwisha, na dereva wa bodaboda anajua hivyo. Hesabu wasichana wanaoishi mageto na wale wanaotembea zaidi ya kilomita tano, uone kitongoji gani. Wakiwa 40 kutoka pande zote, bweni lina hoja, ilimradi wazazi wakubali kwa maandishi kuchangia chakula na halmashauri ikubali matroni. Wakiwa 12 kutoka kitongoji kimoja, pengine mama mmoja mwenye nyumba yenye heshima, analipwa kuwalea pamoja, atafanya kazi hiyo kwa sehemu ndogo ya fedha. Na kama wadogo wa msingi ndio wako mbali, fikiria shule shikizi, yaani shule ndogo ya karibu iliyo chini ya shule mama.

Taulo za kike nitalijibu kwa ufupi, na najua nitawaudhi baadhi ya walimu. Wagawieni. Msichana ana haki ya kukaa darasani bila wasiwasi. Lakini usimwahidi mdau kwamba mahudhurio yatapanda kwa sababu hiyo. Nchini Nepal wasichana walipewa vikombe vya hedhi kwa bahati nasibu. Watafiti wakakuta hedhi ilikuwa inawakosesha shule chini ya nusu siku kwa mwaka mzima, na vikombe havikubadilisha mahudhurio. Kwenu inaweza kuwa tofauti, hasa kama choo hakina mlango wala maji. Tazama rejista: kama kila msichana wa kidato cha pili anakosa siku mbili tatu kila mwezi kwa zamu, nimekosea mimi.

Kitu ambacho hakuna aliyekitaja kwenye barua yako ni sare. Tangu Januari 2016 ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne imeondolewa, na watu wakaamini shule ni bure. Viatu havikuwa bure, wala sketi, wala daftari, wala kodi ya geto. Magharibi mwa Kenya, katika utafiti uliohusisha shule 328 za msingi, wasichana waliopewa sare bure waliacha shule kwa kiwango kidogo zaidi, na mimba na ndoa za mapema nazo zikapungua. Ni msaada mdogo na wa bei nafuu. Kama kaunta buku lako litaonyesha wale waliochaguliwa wasiripoti, ndugu zangu, anzieni hapo, Desemba, kabla shule hazijafunguliwa.

Kwenye safu ya "yuko wapi leo" neno utakaloliona sana ni mimba. Lisome kwa uangalifu. Utafiti wa afya ya jamii wa 2015–16 ulionyesha kuwa mkoani Dodoma asilimia 39 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, wakati kitaifa ilikuwa 27; utafiti wa 2022 ulikuta kitaifa imeshuka hadi 22. Namba hizo zinatisha na ni za kweli, ila hazisemi nini kilitangulia. Linganisha tarehe ya mwisho darasani na mwezi aliojifungua. Mara nyingi utakuta binti aliacha kuja Machi na mimba imeingia Septemba. Huyo hakuacha shule kwa sababu ya mimba. Aliacha kwa sababu nyingine, akakaa nyumbani bila la kufanya, mimba ikaja juu yake. Ukiandika "mimba" kwenye safu ya sababu, ile sababu ya kwanza umeizika.

Wale ambao kweli walikatizwa na mimba, wafuate. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unaruhusu kurudi shuleni, na bado nakutana na wakuu wa shule wanaotenda kama haupo. Asiyetaka kuvaa sare tena ana njia ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, inayotoa masomo ya sekondari nje ya mfumo rasmi. Aliyekosa msingi kabisa ana MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa. Safu ya "yuko wapi leo" ikijaa, hiyo yenyewe ni orodha ya watoto wa kurudisha.

Kuhusu kujua kama mlichofanya kimesaidia: hapa diwani na mdau wote watataka ushindi wa haraka, nawe usiwape. Mwaka wenye mvua nzuri mahudhurio hupanda kila mahali, hata pale ambapo hakuna aliyefanya lolote. Ukilinganisha mwaka wa ukame na mwaka wa mavuno, utazishukuru sare kwa kazi ya mawingu. Kama fedha zinatosha shule mbili tu mwaka wa kwanza, pigeni kura ya bahati nasibu hadharani, mbele ya wazazi, na hizo nyingine ziingie mwaka wa pili. Kura inaondoa lawama, na inakupa shule mbili za kulinganisha nazo chini ya mvua ileile. Hata hivyo shule nne ni chache mno. Wakibaki wasichana watatu zaidi kati ya 31, inaweza kuwa nasibu tu, kama familia moja yenye mabinti watatu imeamua kutohama. Andika hivyo hivyo kwenye ripoti. Mdau makini atakuamini zaidi kwa hilo.

Kabla hujaanza, jambo moja la sheria. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikifanya kazi, na kaunta buku lako litakuwa na siri za watoto. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji soma hesabu za kila kitongoji, kwa sauti, watu wabishane. Usisome jina hata moja. Mdau naye apewe jumla tu. Daftari likae kabatini, ufunguo uwe kwako.

Kuhusu kuchambua, usijifungie peke yako. Halmashauri kuna afisa wa takwimu katika idara ya elimu, na jirani yako hapo Dodoma mjini kuna Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), ambako wanafunzi hutafuta kazi za mafunzo kwa vitendo kila mwaka. Mpeleke mmoja kijijini kwa wiki mbili.

Lakini ukiwa unajaza majina ukakuta binti ambaye ndoa yake imeshapangwa, au anayeonyesha dalili za kufanyiwa ukatili, weka kalamu chini. Siku hiyo hufanyi utafiti tena. Mtafute afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga 116, simu ya bure ya msaada kwa mtoto. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, na kumuoa mwanafunzi ni kosa la jinai. Usikubali wazee wayamalize kwa ng'ombe wawili chini ya mti.

Anza na shule iliyo karibu na ofisi yako, rejista za 2020 zikiwa bado hazijaliwa na mchwa. Ukimaliza shule hiyo moja niandikie tena, unitumie hesabu. Majina baki nayo.